Usukani Ushike Wewe

Katika riwaya ya Walenisi (1995), Katama Mkangi, mwana wa Pwani aliyewahi kuwekwa kizuizini, anamrusha mhusika wake mkuu, Dzombo, angani ndani ya chombo kilichokusudiwa kumuua. Dzombo hafi. Anakimudu chombo, anatua kwenye sayari yenye haki kuliko kwao.

Manahodha wa Bandari ya Kale, Mombasa, nao walishika usukani wenyewe: walikuja na pepo za kaskazi wakarudi na za kusi, nyota zikiwaonyesha njia. Leo, katika vichochoro vya Mji wa Kale, tunaelekezwa na setilaiti kupitia simu, na akili unde inatuandikia hata barua ya posa. Si vibaya. Ila mashine haina aibu wala dhamana. Ikipotoka, anayezama ni wewe. Itumie, lakini uamuzi usiikabidhi.