Watoto Waone Boga Kabla ya Dhamira

Mwalimu akimaliza kusoma shairi darasani, swali la kwanza huwa lile lile: "Dhamira ya shairi hili ni nini?" Mikono inanyooshwa haraka. Mapenzi. Umaskini. Umuhimu wa elimu. Majibu hayo yangefaa shairi lolote, hata lile ambalo mwanafunzi hajalisoma. Nafundisha Kiswahili kidato cha kwanza na cha pili hapa Kampala, na ninaamini kwamba swali hilo ni zuri, ila tunaliuliza mapema mno. La kwanza liwe: "Umeona nini?"

Chukua Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek, uliochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1966 na baadaye ukatafsiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa wa Tanzania. Mwambie mtoto wa Kawempe kwamba dhamira yake ni mgongano wa mila na usasa. Ataandika daftarini, atakariri, na moyoni hakitabaki kitu. Sasa mwoneshe boga. Okot anampa Lawino, mke anayemlalamikia mumewe Ocol, methali ya Waacholi inayokataza kung'oa boga lililoota kwenye boma la zamani.

Nauliza: nani hapa amewahi kula majani ya maboga? Darasa zima linacheka, maana majani hayo, ssunsa, hawayakosi nyumbani. Boga hilo lilipandwa na nani? Na watu waliokwisha kuhama, au waliokufa. Linadai kazi gani? Hakuna, linatambaa lenyewe. Likiachwa linamdhuru nani? Wananyamaza. Liking'olewa anafaidika nani? "Hakuna, mwalimu." Ndipo msichana mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe Lawino hamkatazi mumewe kujenga nyumba mpya. Anamkataza kung'oa."

Jibu hilo lina uzito kuliko "mila na usasa". Limetaja kosa la Ocol ni lipi hasa: kuharibu chakula kilichoachwa na wazee bila mtu yeyote kushiba zaidi. Msichana yule hakupewa dhamira hiyo na mtu. Aliifikia kwa kulitazama boga, majani yake, na mahali lilipoota.

Baada ya hapo huwaagiza walete kitu walichokiona njiani. Safari moja mvulana aliandika kuhusu kaloli, wale korongo wakubwa wenye upara wanaojaa kwenye miti na majalala ya jiji letu: "Kaloli amevaa koti jeusi, anangoja jalalani, kikao hakianzi." Darasa likagawanyika. Wengine walisema ndege huyo ni mkubwa wa ofisi anayekula jasho la wengine. Wengine wakakataa: kaloli anasafisha uchafu tulioutupa sisi, na bado tunamfukuza kwa mawe, kama tunavyowadharau wanaotufagilia barabara. Sikuamua nani mshindi. Nilimtaka kila mmoja aoneshe neno linalomuunga mkono. Wa kwanza wakashika "koti jeusi", wa pili wakashika "jalalani" na "anangoja". Siku hiyo walijifunza kwamba taswira moja inaweza kubeba maana mbili, lakini haibebi kila maana.

Jambo hili linavuka mipaka ya somo la fasihi. Mtoto aliyezoea kupewa dhamira tayari atakua akipewa maoni tayari, na mwanasiasa au mhubiri atakayempa hatakosekana. Mtoto aliyezoea kuuliza "umeliona wapi hilo?" si rahisi kumdanganya, na hamhukumu jirani kwa kusikia tu.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini lugha itakayoingia darasani kwa orodha za kukariri itatoka na mtihani.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu: kabla ya kuandika neno "dhamira" ubaoni, lisomeni shairi kwa sauti mara mbili, waulizeni watoto wameona nini, kisha muwe na subira wakati wanafikiri. Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani akiuliza bibi alilimaje maboga, msimwambie akasome kwanza. Hapo ndipo anaposoma.