Mkuki kwa Nguruwe: Anayeonywa ni Nani?

Mwanasiasa akikamatwa kwa sheria aliyoipigia makofi bungeni, ujumbe huzagaa kwenye makundi ya WhatsApp kabla jua halijazama: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Bosi mkali akifukuzwa kazi, ni hiyo hiyo. Methali ya kuzuia mkono imegeuzwa kijembe cha kumchoma aliyekwisha kuanguka.

Wanaoitumia hivyo wana hoja yao. Husema methali inatangaza malipo: aliyechoma naye achomwe, aujue uchungu. Hoja hiyo ina sura ya haki, lakini inajivunja yenyewe. Anayefurahia maumivu ya aliyeanguka tayari ameuona mkuki mtamu, maana safari hii nguruwe ni mwingine. Kosa linalokemewa na methali ndilo analolitenda anayeitamka.

Anayeonywa ni mwenye mkuki, tena angali ameushika. Mafundisho ya dini yanalithibitisha hilo. Kitabu cha Pili cha Samweli kinasimulia jinsi nabii Nathani alivyomwendea mfalme Daudi, aliyekuwa amemchukua mke wa Uria na kupanga Uria afie vitani. Nathani hakuanza na shutuma. Alimweleza habari ya tajiri mwenye mifugo tele aliyempokonya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi akawaka hasira, akaapa kwamba mtu huyo anastahili kufa. Ndipo akaambiwa kuwa mtu huyo ni yeye. Qurani, katika Sura Sad, haimtaji Uria, ila nayo ina wagomvi wawili mbele ya Daudi: mmoja ana kondoo 99 na bado anamtaka ndugu yake ampe yule mmoja aliye naye. Daudi anahukumu, kisha anatambua kuwa ametahiniwa, anaomba msamaha na kurejea kwa Mola wake.

Katika vitabu vyote viwili hakuna anayemcheka.

Vitabu hivyo hivyo vinakemea pia kupima kwa vipimo viwili. Sura ya 83 ya Qurani inawakemea wanaopunja: wakipimiwa hutaka kipimo kijae, wakiwapimia wengine hupunguza. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati nacho kinakataza kubeba mfukoni mawe mawili ya mizani, kubwa na dogo. Katika mapokeo ya Kibudha, Buddha aliwakuta watoto wakimpiga nyoka kwa fimbo karibu na mji wa Savatthi, akafundisha kwamba anayetafuta raha yake kwa kuwaumiza viumbe wanaopenda raha kama yeye hataipata. Nyoka, sawa na nguruwe, ni kiumbe asiye na wa kumlilia.

Hapo ndipo penye uzito wa methali. Kumhurumia jirani mwema si kazi. Mtihani ni yule ambaye jamii imekwisha kumtoa katika hesabu ya watu.

Leo kijana akituhumiwa kuiba sokoni, huzingirwa na kupigwa, na walio kando huinua simu zao kurekodi. Magazeti huandika “wananchi wenye hasira kali”, kana kwamba katika umati ule hakuna mwenye jina. Watu hao hao, mtoto wao akishikwa, hukimbilia kituo cha polisi kuomba apelekwe mahakamani akasikilizwe. Wana haki kabisa ya kuomba hivyo. Kijana wa sokoni naye alikuwa nayo haki hiyo, na walioijua thamani yake walikuwa wamesimama pale pale wakitazama.