Mwenye kushika kikapu

Hapa Uvira mtu akisikia neno konservatere, anawaza yule wa hati za mashamba, ao yule wa mbuga ya wanyama. Yuko na mwingine: yule anayetunza vitu vya mababu katika makumbusho, mara nyingi makumbusho ya chuo kikuu cha mbali sana. Anapokea kitu, anakiandika, anakilinda na wadudu na unyevu, tena anachagua nani akione. Hilo la mwisho ndilo linatusumbua.

Tuwatazame majirani zetu Warega wa Mwenga, ambao wengi tunaishi nao hapa mjini. Chama chao cha bwami, ambamo wanaume na wanawake wanapanda daraja kwa daraja, kilikuwa na vinyago vidogo vya mti na vya pembe ya tembo. Havikuwa vya kupamba nyumba. Vilikaa ndani ya kikapu, na siku ya mafundisho vilitolewa mbele ya wenye daraja, pamoja na mithali zake. Kile kinachoitwa lukwakongo kilishikwa mkononi, kilitundikwa, pengine kilikokotwa kwa ndevu zake. Ukikitenga na mithali, unabaki na kipande cha mti chenye macho.

Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilipiga bwami marufuku. Wakati wa ukoloni vitu vingi vilitoka, vingine kwa nguvu, vingine kwa kuuzwa. Mwaka 2001 Makumbusho ya Fowler, ya chuo kikuu cha UCLA huko Los Angeles, ilionyesha sanaa ya Warega. Kijana wa kule aliona vya daraja la juu bila kutoa hata mbuzi mmoja!

Je, konservatere amekosa? Wako kati yetu wanaosema ndiyo, siri ni siri. Sisi hatufiki mpaka pale. Daniel Biebuyck alichunguza mambo ya Warega katika miaka ya 1950, akitumikia IRSAC, ile taasisi iliyotuachia hapa Uvira kituo cha kuchunguza ziwa. Aliandika kwamba vitu vingine vya bwami havikuwa mali ya aliyevishika. Alivishika kwa niaba ya wenzake, na akifa vilimfikia mwingine anayestahili. Basi muzee wa kikapu alikuwa konservatere kabla ya neno kufika. Lakini alijua kitu kilitoka kwa nani na kitamwendea nani, na watu walimdai. Yule wa makumbusho anaandika tu: «Warega, Kongo, mti». Nani anamdai? Hapo ndipo tunaona kosa, kuliko katika kuonyesha. Wenye kujua bwami wangali hai. Waulizwe kabla ya kioo kufungwa.

Na tusimtupie mzungu peke yake. Mwezi wa pili 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu vipatao 84,000 vilivyoko Tervuren. Vikirudi, bila shaka wengi watafikiria makumbusho ya taifa ya Kinshasa, iliyofunguliwa mwaka 2019. Nyumba ni nzuri. Lakini kutoka Mwenga mpaka kule ni ndege, na ndege ni dola. Muzee aliyepaswa kurithi kikapu cha mjomba wake, atanunua tikiti mlangoni kama mgeni? Na konservatere wa Kinshasa, ndugu yetu mwenyewe, atakubali kumfungulia kabati akishike mkononi?