Eliya Chini ya Mretemu

(Somo: 1 Wafalme 19:1–18)



Mama mmoja wa usharika wetu alinijia jioni, ana barua mkononi. Mwanawe akaa Marekani kwa ndugu wa baba yake tangu utoto. Sasa umri wake ni miaka 20, naye ataka kuingia jeshini. Kwa maana nchi ile huwaandika askari hata wageni waliopewa kibali cha kukaa daima. Lakini alipokuwa na miaka 16 alishikwa na ugonjwa wa huzuni, ambao madaktari huuita sonona, akatibiwa miezi kadhaa hata akapona. Rafiki zake wamemshauri anyamaze atakapoulizwa habari hiyo. Mama akasema, “Baba Mchungaji, je! ni dhambi kunyamaza, iwapo Mungu amekwisha kumponya?”

Kwanza na tulijue jambo lenyewe. Kanuni za jeshi la Marekani zilizotolewa mwaka 2018 zilimzuia mtu aliyeugua sonona, ikiwa dalili au matibabu yalikuwapo katika miezi 36 iliyopita, au ikiwa alitibiwa zaidi ya miezi 12 kwa jumla, au alilazwa hospitalini kwa ajili yake, au ugonjwa ulimrudia, au alifikia kutaka kujiua. Hata hivyo, wengi waliozuiwa waliweza kuombewa ruhusa ya pekee. Lakini mtu afichaye kwa kusudi ili aandikwe, huyo amevunja sheria ya jeshi.

Wala tusidhani ya kwamba huo ni ukatili tu. Askari hupelekwa mahali palipo mbali na daktari na dawa. Hukesha, hubeba silaha, na uhai wa wenzake umo mikononi mwake. Basi uongo wake si neno kati yake na karani tu. Wamgusa jirani yake alalaye karibu naye. Katika mwaka 1526 Martin Luther aliandika kitabu kizima juu ya swali hili, kama askari naye aweza kuokoka. Akajibu kwamba aweza, kwa kuwa kazi hiyo nayo yaweza kuwa utumishi kwa jirani. Lakini je! mtu aanzaje utumishi wake kwa kumdanganya yule anayemtumikia? Amri ya nane haikomi mlangoni pa kambi.

Sasa mtazameni Eliya. Alikuwa amewashinda manabii wa Baali. Kisha akakimbia jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea. Alimpa usingizi, akampa mkate na maji, akampa tena mara ya pili. Baadaye, huko Horebu, alimwuliza habari zake. Na Eliya akamweleza yote yaliyomwelemea, wala hakuficha hata neno moja. Ndipo Mungu akampa kazi mpya, na Elisha awe mwenzi wake. Angalieni, ndugu: aliyeuliza alikuwa amejua jibu tangu mwanzo, naye alitaka mtumishi wake aliseme.

Kwa hiyo nilimjibu mama, “Ugonjwa wa mwanao haukuwa dhambi, wala hana la kutubu kwa ajili yake. Lakini akiulizwa, na aseme kweli, alete na karatasi za daktari wake. Pengine hatazuiliwa, maana miaka imepita. Na akizuiliwa, Mungu hana mlango mmoja tu wa kazi.”

Mama akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Baba, wakumbuka siku ile nilipoomba kanisa limwombee mwanangu homa? Haikuwa homa. Niliogopa vinywa vya watu.”

Ndugu zangu, neno hilo lilinichoma. Nilikumbuka siku ile. Mimi mwenyewe nilisimama madhabahuni, nikaomba juu ya homa isiyokuwapo. Tulikuwa tukimwuliza mama huyu kwa nini kijana asiseme kweli mbele ya maafisa wageni, kumbe sisi tulimfundisha mamaye kuficha mbele ya ndugu zake! Maana mtu akivunjika mguu twampelekea uji. Lakini akiugua akili twanong'ona kisimani, twatafuta laana ya ukoo wake, na binti zetu twawakataza wasiolewe naye. Ninyi walimu wa vijiji, jiulizeni: katika usharika wenu mgonjwa wa namna hii aweza kulitaja jina la ugonjwa wake, naye asiachwe peke yake? Luther, ambaye mwenyewe alijua uzito wa moyo, alimwandikia rafiki yake mwaka 1530 asikae peke yake na huzuni yake. Rafiki huyo alikuwa na mtu wa kumwandikia. Je! wetu wanao?

Kijana amekwisha kueleza yote, na jibu la jeshi halijafika. Lakini Jumapili iliyopita, kwa ruhusa yake na ya mamaye, tulimshukuru Mungu kwa kuponywa kwake, tukautaja ugonjwa kwa jina lake. Baada ya ibada wazee wawili walikuja nyumbani kwangu, kila mtu kwa saa yake, wakaniambia habari za watoto wao.

Bwana aliyemlisha Eliya na awalishe hao wote. Amin.