Kipaji cha Mtoto ni Amana ya Nani?

Alizeti inapoanza kuinamisha vichwa huko Ikungi na Iramba, shule za Singida nazo huanza kuchuja watoto watakaoshindana katika michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na ya sekondari (UMISSETA), na kila nyumba yenye mkimbiaji hujikuta na hesabu mbili. Upande mmoja kuna mavuno yanayotaka mikono. Upande wa pili kuna mazoezi ya jioni, raba, nauli na ruhusa ya mzazi. Wengi huzifunga hesabu hizi kwa kuuliza mchezo utaleta nini nyumbani. Swali hilo linaeleweka, ila limeruka jingine lililopaswa kutangulia: kipaji cha mtoto ni mali ya nani? Hoja yangu ni kwamba ni amana, na kwamba familia inayolielewa neno hilo sawasawa huuandaa msimu tofauti kabisa na familia inayomhesabu mtoto kuwa mtaji.

Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, aliyewekewa amana hufungwa na sharti moja na kupewa nafuu moja. Sharti ni kwamba haitumii kwa manufaa yake bila idhini ya mwenyewe. Nafuu ni kwamba ikipotea pasipo uzembe wake, halipi. Yeye huulizwa namna alivyotunza; yaliyo nje ya uwezo wake hayawi deni lake. Wakristo hufika hapo hapo kwa njia yao: talanta, kipimo cha fedha katika mfano wa Injili ya Mathayo, imekuwa kwa Kiswahili jina la kipaji, na katika mfano ule fedha ni ya bwana tangu mwanzo hadi mwisho. Hata mbali na dini zetu wazo hili lipo. Wahaudenosaunee wa Amerika Kaskazini huuona mchezo wao wa lakrosi, ule wa mpira na fimbo zenye wavu utakaorudi katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, kuwa zawadi ya Muumba na tena dawa ya kuponya watu. Kwao hata mchezo wenyewe una Mwenyewe.

Ushahidi wa karibu zaidi ni wa mwana wa Singida, Alphonce Simbu. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kwa saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda ule ule. Kilichowatenganisha baada ya kilomita 42 na ushei ni sekunde 0.03. Mapafu yanaweza kuandaliwa kwa miaka, lakini hakuna mzazi wala kocha anayeweza kudai kwamba tofauti ile ndogo ilikuwa mkononi mwake. Tena dhahabu hiyo ilikuja miaka minane baada ya shaba ya London ya 2017. Mwenye mtaji angekuwa ameshafunga duka. Na nyuma ya kila Simbu wapo watoto wengi watakaoishia mashindano ya wilaya. Kwa hesabu ya mtaji, jioni zao zote ni hasara. Kwa hesabu ya amana, kilichotunzwa vizuri hakikupotea: afya, nidhamu, na mtoto aliyejua kwamba anapendwa kabla hajafika mstari wa mwisho.

Atatokea wa kusema kwamba hiyo ni falsafa ya mtu aliyeshiba. Kaya inayotegemea mvua ya msimu mmoja kwa mwaka ina haki ya kutumaini kwamba miguu ya mtoto itaiinua. Kutumaini ni haki, na mtoto kusaidia mavuno si dhambi. Kosa huanza tumaini linapogeuka deni, mtoto wa miaka 12 akabebeshwa ada za wadogo zake kila anapopiga mbio. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaja mchezo pamoja na chakula, malazi na mavazi katika yale ambayo mzazi anawajibika kumpatia mtoto. Haukuwekwa miongoni mwa vitega uchumi. Mwingine atahofia kwamba amana italeta ulegevu, kwa kuwa asiyedai ushindi hatahimiza mazoezi. Anasahau kwamba uzembe ndio hasa unaomtia mshika amana hatiani. Tena anayetafuta faida ndiye mwenye kishawishi cha kumchezesha mtoto mwenye goti bovu au kupunguza miaka yake kwenye fomu. Mshika amana hana ruhusa hiyo, hata medali ikiwa karibu.

Linabaki pingamizi zito zaidi: amana ni kitu, na mtoto si kitu. Ni kweli, na hapo ndipo neno hili linapotudai zaidi. Kila amana ina siku ya kurudishwa, na hii, kwa upande wa duniani, hurudishwa kwa mtoto mwenyewe akishakua, akimbie au aache. Basi kabla ya raba kununuliwa, mtoto aketishwe, aulizwe anataka nini, jioni za shamba na za uwanja zigawanywe naye akisikia. Na aambiwe mapema, kabla ya mchujo, kwamba akichaguliwa au akiachwa, ugali wa usiku huo utakuwa ule ule.