Chombo Chenye Viraka



Ziwa la Galilaya lina majina mengi katika Maandiko. Hesabu 34:11 huliita bahari ya Kinerethi, Luka huliita Genesareti, na Yohana hutaja pia bahari ya Tiberia. Ingawa huitwa bahari, maji yake si ya chumvi. Urefu wake ni yapata kilomita 21, na uso wake uko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari kuu.

Mwaka 1986, baada ya ukame, maji ya ziwa hilo yalipungua sana. Ndugu wawili wavuvi, wakazi wa Ginosar, wakaona mbao za chombo cha kale ndani ya tope. Wataalamu walikifukua kwa haraka, wakakifunika kwa povu lililoganda kisivunjike, wakakieleza majini mpaka mahali pa kukitunzia. Kina urefu wa mita 8 na zaidi, na umri wake ni wa karibu na siku za Bwana wetu. Hakuna ajuaye kama Yeye au mitume walikipanda, wala tusidai hivyo. Imani yetu haikujengwa juu ya mbao.

Hata hivyo chombo hicho chatufundisha neno. Mierezi na mialoni imo, lakini imo pia miti mingine duni, jumla yake aina 10 au zaidi. Mbao nyingine zilikwisha kutumika katika vyombo vingine kabla ya kupigiliwa humo. Mwenyewe hakuwa tajiri. Kilipoharibika alitia kiraka, akarudi kuvua.

Basi tusome tena Luka 5. Chombo alichokiomba Bwana kwa Simoni kilikuwa chombo cha kazi kama hicho, tena siku ile kilikuwa kitupu, na wenyewe wamechoka kwa kukesha bure. Bwana hakungoja kipakwe rangi. Aliketi humo, akafundisha makutano.

Sisi je? Twasema, tutamtumikia Mungu tukipata nafasi, tukimaliza nyumba, watoto wakimaliza shule. Wazee twasema nguvu zimekwisha. Aliyeanguka dhambini aona haya kurudi kanisani, na pengine sisi tulioketi viti vya mbele ndio tunaomtazama kwa jicho baya, tukisahau viraka vyetu. Hata kanisa letu limeunganishwa kwa miti ya kila namna, na mti mmoja ukikataa kukaa karibu na mwenzake, maji huingia.

Jumapili hii tusimpelekee Bwana ahadi ya chombo kipya. Tumpe hiki tulicho nacho, na yule tuliyemtenga tukamwite, aje tuketi naye.

Neema ya Bwana iwe nanyi. Amina.