Anayekwenda Kutazama ya Wenzake

Husikika mara kwa mara katika shule zetu kwamba kundi la wanafunzi limepata nafasi ya kwenda Ulaya kwa wiki mbili au tatu, kutazama michezo ya kuigiza, kuzuru nyumba za makumbusho na kusoma historia pale ilipotendeka. Wazazi huchanga, walimu huandika barua, na wasioteuliwa hubaki wakiwatazama wenzao kwa kijicho. Jambo lenyewe ni jema, wala hatumo miongoni mwa wale wanaokimbilia kusema mwacha mila ni mtumwa kila kijana atajapo safari. Methali hiyo yamkaripia anayeacha. Haimkatazi anayekwenda na kurudi. Lakini liko swali ambalo aghalabu haliulizwi kabla ya kufunga mizigo: kijana huyu anakwenda kuona kwa macho ya nani?

Maana jicho peke yake halitoshi. Huona vema lile ambalo mwenye nalo aweza kulilinganisha na jingine. Tumchukue mwanafunzi wa hapa Dodoma aliyefikishwa Berlin, katika makumbusho ya viumbe vya asili. Atakuta mifupa ya mjusi mkubwa wa kale iliyosimamishwa kwa kimo cha zaidi ya mita 13, na watu wa mataifa mengi wameinua shingo. Asiye na habari atastaajabia ukubwa wa mnyama na ustadi wa Wajerumani, kisha atapiga picha. Mwenye habari atajua kwamba mifupa hiyo ilichimbwa Tendaguru, huko Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji na njaa iliyovifuata kuiteketeza kusini yetu. Na kwamba ilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, hadi pwani. Mifupa ni ile ile, lakini walioiona wameona mambo mawili.

Je, huyo wa pili akasirike? Hatudhani kwamba hasira ndiyo elimu. Astaajabu kama wenzake, maana ni ajabu kweli, lakini aulize. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, nalo likarudi Kalenga mwaka 1954. Halikurudi kwa sababu watu walilitazama wakanyamaza.

Katika michezo ya kuigiza mambo ni hayo hayo. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Aliyoyapata huko hakuyafanya kilemba cha kujivunia, bali, akiwa na nchi nzima mabegani, aliketi akafasiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. (Sisi tuliolelewa kwa vina na mizani twaweza kubishana naye juu ya mashairi yasiyo na vina, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.) Kazi ile haikuwezekana kwa Kiingereza alichokikuta huko peke yake, ilihitaji Kiswahili alichoondoka nacho. Upande wa pili, Mgogo mwenzetu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alipiga zeze na ilimba katika kumbi za Ulaya, na watu wa huko wakakata tiketi kumsikiliza. Yawezekana kabisa kijana wa Dodoma akakata tiketi yake kuingia ukumbi wa London, na mwenyeji wake, kwa udadisi wa kawaida, akamwuliza tofauti ya nindo na muheme, naye asiwe na la kujibu.

Ndiyo sababu twapenda safari ya Ulaya ianzie Kolo. Huko Kondoa, katika mkoa wetu huu huu, yako mapango na miamba zaidi ya 150 yenye michoro ya watu wa kale, nayo yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wamo twiga na pofu kwa rangi nyekundu, na watu warefu wembamba ambao hatujui kwa hakika kama wanacheza, wanaugua au wanaomba. Na iko michoro ya rangi nyeupe iliyokuja baadaye. Tena mahali hapo hapajafa. Pale Mungumi wa Kolo watu wamekuwa wakifika kutambika, kuomba mvua na kutafuta uponyaji. Makumbusho, jukwaa na historia, ambavyo Ulaya vimejengewa nyumba tatu, hapo vimo chini ya mwamba mmoja.

Na papo hapo mna ugomvi wa haki. Wahifadhi hulalamika kwamba pombe ya tambiko ikirushwa mwambani huiharibu michoro isiyoweza kuchorwa tena. Yaweza kujibiwa kwamba mwamba uliokatazwa tambiko umegeuzwa picha ya kutazamwa na wageni, na waliouheshimu muda wote huo wamefanywa wavamizi katika kwao. Sisi twaona pande zote mbili zina hoja, na hatuna hukumu ya haraka. Lakini kijana aliyewahi kusimama pale na kubishana na wenzake, akifika mbele ya ngoma ya Kiafrika iliyofungiwa kiooni Berlin, atajiuliza kama ngoma hiyo imehifadhiwa au imenyamazishwa. Swali hilo hatalipata katika kitabu cha kuongozea wageni.

Basi liondokalo Dodoma alfajiri hufika Kolo kabla ya adhuhuri, na gharama yake haifikii hata sehemu ndogo ya tiketi ya ndege. Darasa zima laweza kwenda, pamoja na wale waliokuwa wakitazama kwa kijicho. Kisha wale wachache watakaovuka bahari wataondoka wakiwa wametumwa na wenzao wanaojua la kuuliza, na siku watakaporudi na picha zao, watawakuta hao wakiwangoja.